Neno la Siri na Taabu Zake



Msimu uliopita mzee mmoja mwanachama wetu aliingia ofisini na simu yake mkononi, kaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika samaki wa juzi. Karani akamwamkia, akamkaribisha kiti, akamuuliza ana haja gani. "Bwana karani," akasema mzee, "simu hii yaniambia neno langu la siri ni dhaifu. Nimeandika jina la marehemu mama yangu. Mama yangu alizaa watoto tisa na akapanda mikarafuu mpaka uzeeni. Udhaifu wake uko wapi?"

Karani alicheka, nasi tuliokuwapo tukacheka, na mwisho mzee mwenyewe akacheka. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Wachumaji wake walikuwa wakingoja ujira, fedha zimo katika akaunti, na akaunti imejifunga kwa kuwa amekosea neno mara tatu. Alihangaika nayo siku nne. Siku ya tatu wachumaji wawili walimwacha, wakaenda shamba la jirani, na karafuu zilizobaki mtini zikachanua.

Taabu hii huwapata wengi, na wengi wao hudhani kosa ni la uzee wao au la uchache wa elimu yao. Sivyo. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wanachama jambo hili limeanza wapi na kwa nini lasumbua namna hii, kisha tuseme lipi la kushika na lipi la kuacha.

Neno la siri la kompyuta lilianza katika chuo cha MIT, huko Marekani. Mwaka 1961 Bwana Fernando Corbató na wenzake walionyesha namna ya watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Zamani zile kompyuta ilikuwa kubwa ya kujaza chumba, na bei yake haikusemeka, basi ilibidi watu washirikiane. Ili kazi ya huyu isichanganyike na ya yule, kila mtu akapewa neno lake. Wanachama watafahamu upesi wakikumbuka ghala moja lenye magunia ya watu wengi, kila gunia lina alama ya mwenyewe. Neno la siri lilikuwa alama ya gunia tu. Hakuna aliyekusudia liwe kufuli la kulinda fedha za dunia nzima.

Na hata kazi ile ndogo lilianza kuishindwa mapema. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa pale chuoni, Allan Scherr, aliona saa alizopewa za kutumia mashine hazimtoshi. Akaiagiza mashine imchapie faili lenye maneno ya siri ya watu wote, nayo kwa utiifu wake ikamchapia, akawa akitumia saa za wenziwe. Baadaye, katika miaka hiyohiyo ya 1960, wasimamizi wawili walikuwa wakiandika kwa wakati mmoja, mmoja akitengeneza tangazo la siku na wa pili akitengeneza orodha ya maneno ya siri. Programu ikawachanganyia karatasi zao. Basi kila aliyeingia jioni ile, badala ya kusomewa tangazo, alipewa maneno ya siri ya watu wote, bila ya kuomba.

Bwana Corbató alifariki mwaka 2019. Miaka mitano kabla ya hapo aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba maneno ya siri yamekuwa kama jinamizi, na kwamba yake mwenyewe ameyaandika katika karatasi, kurasa tatu zimejaa. Huyo ndiye aliyeyaanzisha. Mwanachama anayesahau moja asijione mjinga.

Sasa twende kwenye swali linaloulizwa sana ofisini: "Hao wenye mashine si wanalo neno langu? Kwa nini hawanambii, wanataka niandike jipya?" Jawabu lake ni jepesi kwetu sisi kuliko kwa watu wa bara, kwa kuwa tuna kiwanda cha makonyo pale Wawi. Makonyo yakiingia katika mtambo hutoka mafuta. Lakini hata uwe fundi wa namna gani, huwezi kuyachukua mafuta ukayarudisha yakawa makonyo. Basi mashine iliyotengenezwa vizuri hailiweki neno lako. Hulikamua, ikaweka mafuta yake, na neno lenyewe ikalitupa. Ukija kesho ukaandika neno, hulikamua tena na kulinganisha: mafuta yakiwa ni yaleyale, wafunguliwa. Kwa hiyo wao wenyewe hawalijui. Na ukiona mahali umesahau neno lako la zamani wakakuletea lilelile katika ujumbe, ujue hao wanaweka makonyo ghalani mlango wazi, na usiwaamini kwa jambo kubwa.

Ufundi huo wa kukamua ulielezwa mwaka 1979 na mabwana wawili wa maabara ya Bell, Robert Morris na Ken Thompson. Walikusanya pia maneno ya siri 3,289 ya watu waliokuwa wakitumia mashine zao, wakakuta 2,831, yaani asilimia 86, ni mepesi kukisiwa. Kumi na tano yalikuwa na herufi moja tu! Hao hawakuwa wakulima wa Pemba, mabwana. Ni watu wa kompyuta.

Kwa kuwa watu walichagua ovyo, wenye mamlaka wakaanza kutunga sheria. Hapa ndipo ilipozaliwa taabu ya mzee wetu. Mwaka 2004 Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, iitwayo NIST kwa kifupi, ilitoa mwongozo, na sehemu ya maneno ya siri iliandikwa na Bwana Bill Burr. Alishauri neno lichanganywe herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, na libadilishwe mara kwa mara. Mwongozo ulikuwa wa ofisi za serikali ya huko, lakini ulienea kama moto wa makuti. Benki zikaufuata, maduka yakaufuata, na programu za simu zikaufuata, mpaka ukafika kwenye kiganja cha mzee wa Pemba anayetaka kuwalipa wachumaji wake.

Taabu ni kwamba binadamu hutii sheria ngumu kwa njia nyepesi. Mwambie mtu aweke herufi kubwa, ataiweka mwanzo. Mwambie aweke tarakimu, ataweka 1 mwisho, na alama ataweka ya mshangao. Basi "karafuu" huwa "Karafuu1!" na mashine humpongeza kwa rangi ya kijani. Baada ya miezi mitatu akiambiwa abadilishe, huwa "Karafuu2!" Mwizi naye ni binadamu, ajua hayo yote, na mashine yake huanzia hapo. Mwaka 2017 Bwana Burr, amekwisha kustaafu, alisema katika gazeti lilelile la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Alipokuwa akiandika aliomba aonyeshwe maneno ya siri ya kweli ili ajue watu hufanya nini hasa, akanyimwa, ikambidi ategemee waraka wa miaka ya 1980. Twamheshimu bwana huyu. Si wengi wenye kutunga sheria wakarudi kusema wamekosea.

Mwaka huohuo wa 2017 taasisi yenyewe ikatoa mwongozo mpya: watu wasilazimishwe kuchanganya alama, wala wasilazimishwe kubadilisha neno pasipo dalili ya kuibiwa, bali neno liwe refu. Lakini sheria mbaya ni kama magugu. Kuipanda ni siku moja na kuing'oa ni miaka. Programu nyingi zingali na mambo ya zamani. Kwa hiyo mkulima huambiwa neno lake dhaifu na mashine ambayo yenyewe yafuata ushauri uliokwisha kufutwa.

Kwa nini urefu? Herufi za kibao cha simu ni 26. Kila herufi unayoongeza yazidisha kazi ya mwizi mara 26. Herufi nane zilizookotwa ovyo zina namna bilioni 208 na zaidi. Zaonekana nyingi, lakini tuseme mwizi ana mashine ya kujaribu bilioni moja kwa sekunde: atazimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Herufi kumi na sita, kwa mashine ileile, zahitaji zaidi ya miaka milioni moja. Ni kweli kwamba maneno yenye maana hukisiwa upesi kuliko herufi za ovyo. Ndiyo sababu ya kuchukua maneno manne au matano yasiyojuana kabisa, mathalan "jamvi daktari chaza tisini", na kuyaandika pamoja. Mfano huu wenyewe usiutumie, maana sasa umechapwa na wanachama wote wameusoma. Wala usichukue methali au ubeti unaojulikana. Mwizi naye kasoma chuoni. Chukua vitu vinavyokuchekesha wewe peke yako, kwani kinachochekesha hakisahauliki. Na simu ikidai alama, ipe moja, usigombane nayo.

Jambo lililo kubwa zaidi ni kutotumia neno moja kila mahali. Desemba 2009 kampuni moja ya Marekani, RockYou, iliibiwa maneno ya siri ya watu milioni 32, yakiwa wazi kabisa bila ya kukamuliwa. Lililopendwa kuliko yote lilikuwa 123456. Wezi wakipata orodha kama hiyo huenda na kila neno mlango kwa mlango, kwenye barua pepe na benki na kote. Umelindaje fedha zako ukiwa neno la benki ni lilelile la mahali unapotazama mpira?

"Lakini sitaweza kukumbuka yote!" Hakuna awezaye. Yaandike. Wengi wameambiwa kuandika ni haramu ya mashine, lakini mwaka 2005 Bwana Bruce Schneier, mtaalamu mashuhuri wa mambo haya, aliwashauri watu wayaandike katika kijikaratasi na wakiweke pamoja na vitu vyao vya thamani. Mwizi wa mtandaoni yuko nchi ya mbali, hawezi kufungua sanduku la chumbani kwako. Ila namba ya siri ya fedha za simuni usiiandike. Hiyo ina tarakimu nne, namna 10,000 tu, na kinga yake ni kwamba mashine hujifunga ukikosea mara chache. Mwaka wako wa kuzaliwa usiutumie. Kijiji kizima chaujua, hasa wakwe.

Kuna wanaouliza habari za alama ya kidole. Ni nzuri, nayo hukaa ndani ya simu. Lakini wachumaji wenzetu washagundua kwamba msimu ukikolea vidole hukwaruzika na kushika utomvu, na simu humkana bwana wake. Andikisha na kidole cha mkono wa pili, kisicho na kazi nyingi.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tuandike makala hii hasa. Mama mmoja, mke wa mwanachama, alipigiwa simu na kijana mwenye adabu sana. Akamwita "mama yangu," akasema akaunti yake karibu itafungwa, na kwamba ataletewa tarakimu sita katika ujumbe, azisome tu. Mama alizisoma. Fedha zilizoondoka zilikuwa za ada ya watoto wawili na za kuwalipa waliosafisha shamba. Tulipomuuliza kwa nini alisoma, alijibu jibu ambalo tumelifikiri sana tangu siku hiyo. "Simu kila siku yaniamrisha," akasema. "Andika hiki, badilisha kile, thibitisha hiki, utafungiwa. Mimi nilidhani ni hayohayo."

Mama huyu hakuwa mjinga. Alikuwa amefunzwa kutii, na waliomfunza ni hizohizo sheria za kumlinda. Vijana wetu wote waujua ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii," nao huucheka na kuufuta. Huu wa tarakimu ni ndugu yake, ila umevaa kanzu safi. Tarakimu zile ni ufunguo wa mara moja: aliye na neno lako akizipata ameingia. Mwenye kampuni ya kweli hana haja ya kukuuliza, maana ni yeye aliyezituma. Anayezitaka kwa mdomo ni yule asiyekuwa nazo. Mkatie simu, hata akikuita mama, hata akilijua jina lako kamili. Kisha piga wewe mwenyewe namba ya huduma unayoijua. Na ukiwa umeshazisoma, usione haya. Piga saa ileile, maana kila dakika ina thamani, kisha uje utuambie ili wengine wajue.

Mzee wetu wa mwanzo alifunguliwa siku ya nne. Karani alimwambia achague vitu vinne vya kuchekesha, naye akatoka kwenda kusimama chini ya mwembe peke yake, akaandika, akarudi anacheka. Mpaka leo hajasahau, na mpaka leo hatujui ni vitu gani.

Wanachama wenye shida za namna hii waje ofisini asubuhi, wachukue simu, chaji iwe imejaa, na kitambulisho. Neno la siri wasimtajie karani. Akiliuliza, wamwarifu mwenyekiti.