Kizibo na Kizibuo: Zana za Kufungulia Chupa Kongwe za Mvinyo

Utangulizi

Kiswahili kina utaratibu wake wa kuunda maneno yanayokinzana kwa badiliko dogo la umbo. Kitenzi ziba hutupatia nomino kizibo. Kitenzi hicho kikinyambuliwa katika kauli ya kutendua huwa zibua, nacho hutupatia kizibuo, yaani kifaa cha kuondolea kizibo. Tofauti ya nomino hizi mbili ni irabu moja tu. Hata hivyo, mtu anayekabiliana na chupa ya mvinyo iliyokaa ghalani kwa miaka 50 hutambua upesi kwamba safari ya kutoka kizibo hadi kizibuo si fupi hivyo. Kizibo kikongwe humeguka kama mkate mkavu, na kilichohifadhiwa kwa nusu karne kikaharibika kwa dakika moja.

Makala haya yananuia kufafanua sababu za udhaifu huo na zana zilizobuniwa kuukabili. Si lengo letu kumhimiza msomaji anywe mvinyo. Tunataka kuonyesha jinsi tatizo moja lilivyozaa zana mbalimbali, na kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kuzieleza zote.

Kiini cha Udhaifu wa Kizibo

Vizibo vya asili hutengenezwa kwa gome la mti wa jamii ya mwaloni, ujulikanao kitaalamu kama Quercus suber, ambao hustawi magharibi mwa eneo la Bahari ya Mediterania. Ureno pekee huzalisha takriban nusu ya gome hilo duniani. Mti hubanduliwa gome mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 25 hivi, kisha huachwa kwa angalau miaka 9 kabla ya kubanduliwa tena. Aghalabu gome lifaalo kwa vizibo hupatikana kuanzia mbanduo wa tatu.

Gome hili limesheheni seli ndogo zilizofumbata hewa. Ndiyo maana hubonyea na kurejea umbo lake. Kizibo chenye kipenyo cha milimita 24 hushindiliwa katika shingo ya chupa yenye uwazi wa takriban milimita 18.5, nacho hujitanua na kuubana ukuta wa kioo. Miaka ipitapo, unyumbufu huo hupungua. Sehemu ya chini hulowa mvinyo na kulainika, sehemu ya juu hukauka, na kando hugandamana na kioo. Hali huwa mbaya zaidi iwapo chupa ilisimamishwa muda mrefu badala ya kulazwa, kwa kuwa kizibo hukosa unyevu. Matokeo yake ni kwamba kizibo hulegea katikati ilhali kando zimeng'ang'ania chupa. Anayekivuta kwa nguvu hutoka na kipande tu.

Zana na Mahali Zinaposhika

Zana ya kwanza ni kizibuo cha msokoto, ambacho hushika kizibo katikati. Mwaka 1795, kasisi Mwingereza Samuel Henshall alipata hataza ya kizibuo chenye kisahani juu ya msokoto. Msokoto ulipozama wote, kisahani kiligusa kizibo na kukizungusha, hivyo kukibandua kutoka kwenye kioo kabla ya kuvutwa. Mwaka 1882, Mjerumani Karl Wienke alipata hataza ya kizibuo chenye wenzo kinachokunjwa kama kisu cha mfukoni, kifaa ambacho wahudumu wa hoteli hukitumia hadi leo. Msokoto bora ni uzi wa chuma uliojiviringa na kuacha uwazi katikati, kiasi cha kupitisha kijiti cha kiberiti. Ule wenye mhimili katikati hufanya kazi kama keekee: hutoboa na kusaga. Kizibo kichanga huweza kustahimili hayo, kikongwe hakiwezi.

Zana ya pili tunaweza kuiita kizibuo cha ndimi mbili. Hataza yake ya Marekani ya mwaka 1879 ilitolewa kwa Lucian Mumford. Zana hii haina msokoto. Ina ndimi mbili nyembamba za chuma, mmoja mrefu kuliko mwingine. Ule mrefu hutangulizwa kati ya kizibo na kioo, kisha wa pili, na mkono huyumbishwa huku na huku hadi ndimi zizame. Hatimaye kizibo huzungushwa taratibu huku kikivutwa. Zana hii hushika kando, hivyo katikati penye udhaifu hapaguswi. Kasoro yake ni kwamba kizibo kilicholegea huweza kusukumwa ndani ya chupa.

Kasoro hiyo ndiyo iliyozaa kizibuo mseto, kinachouzwa kwa jina la Durand. Kwanza msokoto huingizwa katikati ili kukizuia kizibo kisitumbukie. Kisha ndimi mbili huteremshwa kandokando, na vyote huzungushwa pamoja. Kizibo hushikwa ndani na nje kwa wakati mmoja.

Zana ya nne haigusi kizibo kabisa. Ni koleo la moto, ambalo kihistoria limehusishwa na mvinyo mkali wa Port kutoka bonde la mto Douro nchini Ureno. Koleo hupashwa moto hadi liwe jekundu, likabana shingo ya chupa chini ya kizibo, kisha mahali hapo hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Badiliko la ghafla la joto hukipasua kioo kwa mstari, na shingo hutoka pamoja na kizibo chake.

Mwaka 2013 kilianza kuuzwa kifaa kiitwacho Coravin, kilichobuniwa na Mmarekani Greg Lambrecht. Sindano yenye tundu hupenya kizibo, gesi ya agoni ikaingia na mvinyo ukatoka, pasi na kuzibua. Lakini tundu la sindano huzibika kwa unyumbufu wa kizibo chenyewe, na unyumbufu ndio uliopotea katika kizibo kikongwe.

Kizibo Kinapovunjika

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kipande kilichosalia huweza kuingiziwa msokoto kimshazari, ukaegemea kioo, kikavutwa polepole. Kikishindikana, husukumwa ndani na mvinyo ukachujwa kwa kitambaa safi cha melimeli. Ni vyema pia chupa kongwe isimamishwe siku nzima kabla ya kufunguliwa ili mashapo yatuame.

Hitimisho

Tumeona kwamba zana hizi hazitofautiani kwa nguvu bali kwa mahali zinaposhika: katikati, kando, kotekote, au nje ya kizibo kabisa. Atambuaye hilo hataharibu kisichoweza kununuliwa tena. Kwetu wanafunzi wa Kiswahili pana funzo la ziada. Kizibuo, msokoto, ndimi, keekee, koleo, mashapo na melimeli ni maneno yetu. Mfasiri atakayepewa mwongozo wa wahudumu wa hoteli hana haja ya kukimbilia kukopa. Achunguze kwanza kifaa kinafanya nini, kisha alizibue ghala la lugha yake.