Kabla ya Mtawa, Alikuwapo Mtumwa

Wengi wakisimuliwa riwaya ya Thaïs hubaki na jambo moja: mtawa alikwenda kumwokoa kahaba, kahaba akafika mbinguni, mtawa akapotea. Ni kweli. Lakini mimi, niliyefundisha wakatekumeni hadi nikastaafu, nikiisoma macho yangu humwendea mtu mwingine, mtumwa Mnubi aitwaye Ahmes.

Anatole France wa Ufaransa alikitoa kitabu hiki mwaka 1890. Mambo yake yako Misri, karne za mwanzo za Ukristo, watawa walipojaa jangwani kandokando ya Mto Nile, wakifunga na kukesha. Abate Paphnuce anamkumbuka Thaïs, mwigizaji na mcheza dansi wa Alexandria. Ujanani aliwahi kufika hadi mlangoni kwake. Haya na uhaba wa pesa ndivyo vilivyomrudisha. Sasa anasema anakwenda kuiponya roho ya Thaïs. Mzee Palemon, mtawa mwenzake mwenye kutunza bustani, anamsihi asiondoke. Hasikii.

Asilojua ni kwamba Thaïs alikwisha kubatizwa. Wazazi wake walikuwa na kilabu cha pombe, wakimpiga na kumsahau. Ahmes, mtumwa wa nyumba, ndiye aliyemlisha, akamsimulia habari za Yesu, na usiku mmoja akampeleka chini ya ardhi, kwenye makaburi walikojificha Wakristo, akabatizwa. Baadaye Ahmes alisingiziwa wizi, akasulubiwa. Thaïs alipokuwa tajiri aliwakuta watu wakisali kwenye kaburi la Mtakatifu Theodore Mnubi. Kumbe ni Ahmes, kwa jina lake la ubatizo. Kwangu, hiyo ndiyo sura kuu ya kitabu. Mbegu ilipandwa na mtumwa asiye na cheo, kwa chakula na hadithi. Abate alifika wakati wa mavuno, akadhani shamba ni lake.

Na jinsi anavyovuna! Anaamuru mali zote za Thaïs zichomwe moto. Thaïs anakubali, ila anaomba sanamu ndogo ya Eros, mungu wa upendo, ya pembe za ndovu isalimike, kwani dhambi yake, asema, haikutokana na upendo bali aliutendea upendo wenyewe kosa. Paphnuce akisikia kwamba Nicias, mpenzi wa zamani wa Thaïs, ndiye aliyeitoa zawadi, anainyakua na kuitupa motoni. Huo ni wivu mtupu, naye anauita utakatifu. Baada ya kumfikisha kwa watawa wa kike, hapati tena usingizi. Anapanda juu ya nguzo kuishi huko. Mahujaji wanafurika, mji unaota chini yake, na bado anamwaza mwanamke yule.

France alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1921, na mwaka uliofuata Vatikani ikapiga marufuku vitabu vyake vyote. Hakuwa rafiki wa Kanisa, hilo halifichiki. Hata hivyo ningempa kitabu hiki kila anayejiandaa kuongoza roho za watu, kwa sababu sijaona penginepo kiburi cha mcha Mungu kikifuatwa hatua kwa hatua namna hii.

Jina la Thaïs limesambaa zaidi kwa opera ya mtunzi Massenet ya mwaka 1894, hasa kipande chake cha fidla kiitwacho Meditation, ambacho bado hupigwa duniani kote. Muziki ni mzuri mno. Lakini katika orodha ya wahusika wa opera hiyo Ahmes hayumo. Anayemtaka hana budi kufungua kitabu.