Feni ya kipakatalishi inapogoma baada ya usingizi

KATIKA mji wa joto na vumbi kama Isiolo, kipakatalishi kikiamshwa kutoka hali ya usingizi huku feni ikibaki kimya, mwenyewe hana budi kutahadhari.

Kimya hicho ni cha kawaida mashine ikiwa baridi. Hatari huja inapokuwa moto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi. Joto likizidi, mashine hujizima ghafla na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Feni huongozwa na kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya mashine. Wakati mwingine, baada ya usingizi, kidhibiti hicho hukosa vipimo sahihi vya joto, na amri ya kuizungusha feni haitolewi.

Hifadhi kazi yako, kisha uwashe mashine upya. Feni ikirejea, yamkini kosa li katika programu. Tafuta toleo jipya la BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa sasa, zima mashine badala ya kuilaza.

Feni ikisalia kimya mashine ikiwa moto, au ikikwaruza, mwone fundi aondoe vumbi au aibadilishe. Aidha, usiweke kipakatalishi juu ya godoro, kwani huziba matundu ya hewa.