Subaru Inayotetemeka Sailensa: Tafuta Hewa Kabla ya Kununua Plagi

Mwenye Subaru Impreza WRX STI anabadilisha bomba la moshi, anafunga chujio kubwa la hewa, anaongeza na valvu ile inayopiga "pssh" kila anapoachia mafuta. Miezi michache baadaye gari linaanza kuyumba likiwa limesimama kwenye taa. Mshale wa resi unapanda hadi 1,100, unashuka hadi 500, unapanda tena. Usukani unatetemeka, na mara nyingine injini inazima kabisa. Fundi wa kwanza anamwambia anunue plagi, wa pili koili, na wa tatu anasafisha throto bodi. Gari linabaki vilevile. Inaniuma kuona vijana wakimaliza akiba zao kwa vipuri vya kubahatisha, kwa sababu tatizo hili lina njia ya kufuatwa, na hatua za mwanzo za njia hiyo hazigharimu karibu chochote.

Kwanza tutenganishe sauti na ugonjwa. Injini ya EJ20 ya Subaru ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na hulipua mafuta kwa mpangilio wa 1-3-2-4, yaani mara mbili upande mmoja, kisha mara mbili upande wa pili. Mabomba yanayokusanya moshi yakiwa na urefu usiolingana, unatoka ule muungurumo wa kukatakata ambao Afrika Mashariki inaupenda tangu dereva Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997. Muungurumo huo si hitilafu. Lakini STI za baadaye za soko la Japani, zenye tabo ya njia mbili za moshi, zina mabomba yaliyolinganishwa urefu na hazingurumi hivyo. Ukiwa na gari la aina hiyo, bado lina mabomba yake ya kiwandani, na ghafla limeanza kunguruma kama la zamani, usifurahi. Angalia kama moshi unavuja, au kama kuna silinda isiyofanya kazi.

Sasa tuje kwenye sailensa yenyewe, yaani injini ikijiendesha huku mguu uko nje ya mafuta. Hapo injini inapumua kidogo sana. Kipepeo cha throto kimefungwa karibu kabisa, na mizunguko ni kama 700 au 800 kwa dakika. Kompyuta inalazimika kupima hewa kidogo na kumwaga mafuta kidogo, kwa uwiano wa takriban sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli. Hewa kidogo ya ziada ambayo barabarani usingeihisi, hapa ni sehemu kubwa ya pumzi yote. Kwa hiyo kila badiliko ambalo kompyuta haikuarifiwa hujitokeza kwanza kwenye sailensa. Gari linaweza kupanda mlima kwa nguvu zake zote na bado lisiweze kutulia kwenye foleni.

Impreza nyingi hupima hewa hiyo kwa sensa ya eaflo iliyo karibu na chujio la hewa. Sensa hii ni kama karani wa ghala: anaandika kinachopita mbele yake tu. Hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, au inayotoka baada ya kuandikwa, haimo kwenye hesabu zake.

Chukua valvu ile ya "pssh". Ya kiwandani huirudisha hewa ya tabo kwenye bomba la kuvutia, baada ya sensa. Ya kununua huitupa nje. Kompyuta imeshaihesabu hewa hiyo, kwa hiyo inamwaga mafuta yake. Mchanganyiko unazidi mafuta, resi inaporomoka kuliko kawaida, na gari linazima unapokaribia taa nyekundu. Dalili yake ni ya pekee: gari linasumbua baada ya kuachia mafuta, halafu likishatulia linakaa vizuri. Rudisha valvu ya zamani kwa siku mbili, au tumia inayorudisha hewa ndani, kabla ya kugusa kitu kingine. Chujio pia lina lake. Bomba la sensa likiwa pana kuliko la kiwandani, hewa hupita polepole mbele ya sensa na kompyuta husoma kidogo kuliko kilichopo. Chujio la kupakwa oili likizidishiwa, oili hushika kwenye waya wa sensa.

Kama gari linatetemeka muda wote, tafuta hewa inayonyonywa baada ya sensa. Mipira ya vakyumu iliyo karibu na tabo huwa migumu na kupasuka. Gasketi ya manifoldi huvuja. Mpira wa sevo ya breki huchomoka. Kwa magari yaliyobadilishwa ningeanza kwenye kopo la kunasa oili, kwa sababu wengi hulifunga wakiunganisha mpira wa valvu ya PCV pasipostahili, na injini ikabaki ikivuta hewa ya nje saa zote. Njia bora ya kuuona uvujaji ni kuingiza moshi kwenye mfumo wa hewa na kutazama unapotokea. Wapo wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayounguruma. Kwenye gari la tabo, lenye chuma cha moto kila upande, mimi sikubali jambo hilo lifanywe karibu yangu.

Skana inasaidia zaidi kwa tarakimu zake kuliko kwa misimbo ya makosa. Tazama asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kusahihisha. Ikiwa kwenye sailensa inaongeza asilimia 15 na kwenye mizunguko 2,500 inaongeza 3 tu, hewa inavuja kuingia, maana uvujaji uleule ni mkubwa kwa pumzi ndogo na mdogo kwa pumzi kubwa. Ikiongeza nyingi kote kuwili, shuku sensa ya eaflo au mafuta yasiyofika vizuri. Kuna hali moja inayowapoteza mafundi wengi: kompyuta inaongeza mafuta, lakini ukifungua plagi unazikuta nyeusi tii. Hapo kagua maungio ya bomba jipya la moshi yaliyo kabla ya sensa ya oksijeni. Pengo dogo hunyonya hewa ya nje, sensa inadhani mafuta ni machache, na kompyuta inaendelea kuyamwaga.

Wanaotumia geji ya vakyumu wakumbuke walipo. Vitabu husema injini nzima husoma inchi 18 hadi 20 za zebaki ikiwa sailensa, lakini hiyo ni kwa usawa wa bahari, Dar es Salaam au Mombasa. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban inchi moja. Nairobi au Mbeya, inchi 13 au 14 inaweza kuwa afya kamili, na kuna injini zilizofunguliwa bure kwa kutojua hilo.

Katika mabadiliko yote, nozeli kubwa za kumwagia mafuta ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi. Nozeli haifunguki papo hapo inapopewa umeme. Inachelewa karibu milisekunde moja, na ucheleweshaji huo lazima uandikwe kwenye kompyuta. Tuseme nozeli ya kiwandani ikiwa sailensa humwaga kwa milisekunde 1.5 baada ya kufunguka. Ukiweka yenye ukubwa maradufu, inahitaji 0.75 tu. Sasa kosa la 0.2 kwenye ucheleweshaji, ambalo zamani lingeharibu mafuta kwa asilimia 13, linaharibu kwa asilimia 27. Na umeme ukishuka, nozeli huchelewa zaidi. Ndiyo maana gari lililotulia mchana huanza kuyumba usiku, taa, feni na redio vikiwaka pamoja. Aliyekufungia nozeli akupe jedwali la ucheleweshaji kwa kila kiwango cha volti, la nozeli hizo hizo. Akisema amepunguza mafuta kwa asilimia tu, kazi hajaimaliza.

Baada ya hewa na mafuta ndipo tugeukie silinda moja moja. Injini ikiwa sailensa, chomoa plagi ya umeme ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, nenda nyingine. Silinda ambayo kuchomoa nozeli yake hakubadilishi chochote ndiyo isiyofanya kazi. Chomoa nozeli na si koili, ili petroli isiyoungua isiende kwenye bomba la moto. Kisha hamishia koili yake kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, umepata. Lisipohama, badilishana plagi, na mwisho pima kompresheni, hasa kwa injini za lita 2.5 zenye tabo, ambazo pistoni zake, namba 4 mara nyingi, zinajulikana kwa kupasuka kingo zinazoshika ringi. Ukijaza hewa ya kompresa kwenye silinda dhaifu, sikiliza inapotokea. Ikitokea kwenye tundu la oili, ni ringi. Kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Kwenye throto, ni ya kuingizia. Ukiona mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya kichwa.

Zipo injini ambazo vipimo vyote vinapita na bado zinatikisika. Ukiuliza, unaambiwa kamshafti zilibadilishwa kwa zenye mwinuko mkali, ambazo huacha valvu za kuingiza na kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, na moshi kurudi ndani. Hizo usizilazimishe 700. Mwambie anayepanga kompyuta aziweke 950 au 1,000, aongeze hewa ya kipepeo kidogo, na arekebishe muda wa cheche hapo hapo. Kama kuna flaiwili nyepesi pia, taa ya cheki injini inaweza kuwaka kwa msimbo wa misi, yaani silinda kukosa kuwaka, isiyokuwepo, kwa sababu kompyuta hutambua misi kwa kupima kasi ya krenki inavyobadilikabadilika, na flaiwili nyepesi haizuii mabadiliko hayo. Kabla ya kuifuta taa hiyo, rudia jaribio la kuchomoa nozeli. Zikijibu zote nne sawasawa, kinachohitaji kurekebishwa ni kipimo cha kompyuta cha kutambua misi.