Sura ya Sita: Jembe Juu ya Saruji

Shambani, mcheza bugobogobo hahitaji kuambiwa mapigo yako wapi. Jembe likishuka, udongo unaitika. Wakiwa vijana ishirini kwenye mstari mmoja, mwitiko huo wa ardhi unakuwa ngoma kubwa kuliko ile iliyowambwa ngozi, na wimbo wenyewe umepimwa kwa pumzi ya mtu anayeinama na kuinuka. Sasa mchukue manju wa wimbo huo pamoja na watu wake, uwapandishe jukwaani Mwanza mjini, juu ya sakafu ya saruji. Majembe yanazungushwa mkononi, yanarushwa juu, yanadakwa, na vigelegele vinapigwa. Lakini hayashuki tena ardhini. Ile ngoma kubwa imenyamaza, na kila kilichokuwa kimeiegemea kinaanza kuyumba.

Sura hii inamhusu mtu ambaye kazi yake ni kuliziba pengo hilo: manju, au ningi kama anavyoitwa Usukumani, anapoombwa atunge na kupanga muziki wa tamthilia. Wengi hudhani anachotakiwa kuleta ni nyimbo. Nyimbo ni sehemu iliyo rahisi. Wimbo wa kijijini una kazi: unalimisha, unavuta nyavu, unamzika mtu, unamshinda mpinzani. Ukishauondoa kwenye kazi yake na kuupeleka jukwaani, lazima upewe kazi nyingine ndani ya kisa. Usipopewa, utabaki pambo, na hadhira ya kanda ya ziwa huligundua pambo upesi sana.

Huligundua upesi kwa sababu imefundwa hivyo. Tangu karne ya 19 ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika pande mbili kuu, Bagika na Bagalu. Simulizi zinawataja waasisi wawili, Ngika na Gumha, wacheza ngoma waliokuwa pia waganga, walioshindana kuonyesha ni nani mwenye mvuto mkubwa zaidi. Hadi leo, baada ya mavuno, vikundi vya pande hizi mbili huweza kucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jopo la majaji lenye karatasi. Anayeamua ni umati kwa miguu yake: wimbo ukipoa huku, watu wanahamia kule, na kundi lililobaki na watu wachache limeshindwa mbele ya macho ya wote. Ndiyo maana dawa za mvuto zilipewa uzito mkubwa, na ndiyo maana manju hujifunza mapema kuficha kitu. Ana vinyago, ana nyoka, ana kichekesho, ana ubeti wa kumsema mpinzani ambao haujasikika popote. Anajua akitoe lini.

Kwangu mimi, hiyo ni shule ya tamthilia iliyokamilika. Kupanga mambo ili mtu asiondoke ndiyo kazi ya mtunzi wa jukwaani popote duniani, tofauti ni kwamba mtazamaji wa ukumbini amelipa kiingilio na anaona haya kusimama. Anayetaka kuona shule hiyo aende Bujora, Kisesa, umbali mfupi kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha hapo makumbusho ya Wasukuma miaka ya 1950. Ngoma za watemi zimehifadhiwa ndani, lakini kila mwaka, karibu na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, tamasha la Bulabo hukusanya vikundi vishindane nje, penye vumbi.

Usukumani kuna pia wigaashe, ngoma inayochezwa watu wakiwa wameketi. Mikono, mabega na vichwa vinakwenda pamoja, na sauti zinapandana. Mwongozaji anayetafuta kundi la waimbaji litakalokaa jukwaani muda wote wa onyesho, likitoa maoni juu ya yanayotendeka bila kuwaziba waigizaji, hana haja ya kuagiza mfano kutoka Ugiriki.

Safari ya ngoma hizi kwenda jukwaani ilianza kwa sera. Mwezi Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuingia urais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na muda si mrefu kikawapo kikundi cha ngoma cha taifa kilichokusanya wachezaji wa mikoa mbalimbali. Miaka ya 1980 vikundi vya Dar es Salaam, Muungano na Mandela vikiwa vinara, vilijaza kumbi kwa maonyesho ya jioni nzima: ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo, taarabu. Bugobogobo ilipendwa sana huko. Ilipendwa, na ikafupishwa. Ngoma iliyokuwa ikijaza alasiri nzima ilibanwa katika dakika chache kati ya kichekesho na sarakasi, na kilichobaki ni kile kinachoonekana: kurusha jembe, kuzungusha kiuno, vumbi la miguu. Siwalaumu wapangaji wake, kwa kuwa walikuwa na watazamaji waliokwisha agiza vinywaji, na waliwapa watu wa makabila mengine nafasi ya kuipenda ngoma ya Mwanza. Lakini kilichopotea hapo ni maneno. Beti za manju, zile ndefu zenye habari za njaa, pamba, kodi na majirani, hazikupata nafasi, na mtu asiyejua angesema bugobogobo ni ngoma ya viungo tu.

Njia nyingine ilijaribiwa Malya, wilayani Kwimba. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama akiwa miongoni mwao, walifanya kazi na wanakijiji kutengeneza maonyesho juu ya tatizo ambalo kijiji chenyewe kilikuwa kimelitaja: mimba za wasichana wadogo. Hawakuja na tamthilia mkobani. Walikaa, waliuliza, walichambua pamoja na wenyeji, kisha kisa kikapewa umbo la ngoma na maigizo ambayo watu wa pale waliyazoea, na baada ya onyesho watu wakajadili. Mlama aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo. Kwa mwanamuziki, somo la Malya linahusu mpangilio. Wimbo ulirudishiwa kazi ya kusema, tena kusema jambo ambalo mzazi angeona aibu kulitamka mkutanoni. Ngoma ya Kisukuma imekuwa na ruhusa hiyo siku zote: linaloimbwa haliwi tusi kirahisi.

Ugumu unaokuja mara moja ni lugha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimewaona watunzi wazuri wakikwama hapa.

Kisukuma ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au kushuka ndani ya neno, maana inaweza kubadilika, na toni zake zina tabia ya pekee: sauti ya juu iliyo mali ya silabi moja husikika silabi kadhaa mbele yake. Manju hatungi melodi akabandika maneno. Maneno yenyewe yanamvuta kwenda juu na chini, na melodi inafuata njia hiyo. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, nao kwa kawaida unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa tamthilia inachezwa Mwanza mjini, ambako hadhira ina Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wajaluo, na mwongozaji anataka nyimbo ziwe za Kiswahili. Anayetafsiri neno kwa neno na kuacha melodi ilivyo, ghafla mkazo unaangukia pabaya. Msomaji anajua “barabara” ya kupita magari na “barabara” ya jambo lililofanywa sawasawa: kinachozitenga ni mkazo tu. Wimbo unaopandisha silabi isiyotakiwa humfanya msikilizaji atumie nusu sekunde kutafuta neno, na katika nusu sekunde hiyo mwigizaji amekwisha sema jambo jingine.

Anachofanya mpangaji mwenye sikio ni kuiacha melodi ya asili kwenye kiitikio, ambacho hubaki Kisukuma na ambacho hadhira hukishika baada ya mara mbili, kisha kutunga upya sehemu ya mwimbishaji kwa Kiswahili, akitumia sauti zilezile za wimbo lakini akizipanga kwa kufuata mkazo. Nyimbo nyingi za Usukumani zinatosheka na sauti tano, kwa hiyo kazi hii inawezekana bila kuharibu rangi ya wimbo.

Ng'ambo ya ziwa, Kampala, njia iliyofuatwa ilikuwa tofauti. Byron Kawadwa aliandika Oluyimba lwa Wankoko, kisa cha kugombea madaraka ndani ya jumba la kifalme, na Wassanyi Serukenya akakitungia muziki. Lugha ilibaki Kiganda, ambacho nacho kina toni, hivyo maneno na melodi vikaendelea kushikana mikono. Tamthilia hiyo iliiwakilisha Uganda kwenye tamasha la FESTAC jijini Lagos mwaka 1977. Aliporudi, Kawadwa alikamatwa na kuuawa na utawala wa Idi Amin. Ninapofundisha vijana kupanga nyimbo huwa nakitaja kisa hiki mapema, wajue kwamba waliotutangulia kwenye ufukwe huu hawakuwa wakituliza watu kabla ya hotuba.

Sasa tuingie kazini. Tuchukue tamthilia ya kufikirika: ndugu wawili wa Igombe wanagombea mtumbwi na nyavu za marehemu baba yao. Manju anasoma maandishi yote kabla hajagusa ngoma, akitafuta mahali ambapo maneno yameishiwa nguvu. Anachagua wimbo mmoja tu, wa kuvuta nyavu, ule ambao mmoja huita na safu nzima huitika huku kamba ikija ufukweni.

Mara ya kwanza wimbo unaimbwa mzima. Waigizaji wana kamba halisi mikononi, na manju anasisitiza iwe na uzito, ifungwe kitu nyuma ya pazia, kwa sababu sauti ya mtu anayevuta kweli haiigizwi. Ngoma ni moja, chini kabisa. Hapa wimbo unafanya kazi yake ya asili, na hadhira inajifunza kiitikio pasipo kujua kwamba inafundishwa.

Mara ya pili, baada ya ugomvi, nusu ya safu imeondoka na mdogo mtu. Wimbo ni uleule, kasi ni ileile, lakini walioitika walikuwa kumi na sasa ni wanne. Wapangaji wachanga hupenda kuongeza ngoma hapa ili kuonyesha huzuni au hasira. Manju anaipunguza, anabakisha njuga mguuni mwa mtu mmoja.

Mara ya tatu kaka mtu yuko peke yake na kamba. Anaita. Pale kiitikio kinapotakiwa kuingia hapaingii kitu, na nafasi yake inaachwa wazi kwa urefu wake kamili, mapigo yote, bila kukatwa. Anaita tena. Katika mazoezi, mwongozaji huuliza ukimya huo uendelee hadi lini, maana kwenye chumba kitupu unaonekana mrefu mno. Lakini ukumbini Mwanza jambo hili halitabiriki. Watu waliolelewa kwenye uwanja wa Bagika na Bagalu hawawezi kusikia mtu akiita bila kuitikiwa. Kuna usiku ambapo mama mmoja katika safu za nyuma ataitikia, na nyuma yake ukumbi wote. Kwa hiyo manju humwachia mpiga ngoma mmoja maagizo: wasipoitika, usiguse ngoma. Wakiitika, ingia kwa viganja, bila fimbo, uwafuate kasi yao hata kama wamechelewa, na kaka mtu aendelee kuvuta mpaka wachoke wao.