Kabla ya Kituo cha Utafiti wa Samaki Kujengwa Mlangoni mwa Mto

Mlango wa mto, kama ule wa Sabaki karibu na Malindi, ndipo maji ya mto na ya bahari hukutana. Samaki wachanga na kamba hukulia humo. Kwa hivyo, hata kituo cha kutafiti samaki hao sharti kwanza kifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 1999 (EMCA).

Tathmini hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Ripoti yake inapaswa kujibu maswali haya:

- Maji machafu ya matangi yatamwagwa wapi?
- Samaki wageni na magonjwa yatazuiwaje yasifike mtoni?
- Je, mikoko itakatwa?
- Je, njia ya wavuvi kwenda majini itabaki wazi?

NEMA hutangaza ripoti gazetini ili wakazi waisome na kutoa maoni. Leseni hutolewa na NEMA, si kaunti, na huweza kuwa na masharti au kukataliwa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 kukata rufaa katika Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira.

Mkutano wa maoni ukiitishwa, hudhuria. Uliza, na uhakikishe swali lako limeandikwa kwenye kumbukumbu.