Sandik: Ugonjwa Ulioonekana Kabla Haujafika

Mayai ya baadhi ya mbu yanaweza kulala miaka kadhaa katika udongo mkavu bila kufa. Mbu wa jamii ya Aedes huyataga kwenye vidimbwi vya mbugani. Maji yakikauka, mayai hubaki yakingoja. Baadhi huwa yamekwisha kurithi kirusi cha homa ya Bonde la Ufa kutoka kwa mama. Siku mvua kubwa ikifurisha vidimbwi, huanguliwa kwa wingi, na mbu wenye kirusi huwavamia ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kisha mbu wa jamii ya Culex huzaliana katika maji yaleyale na kuusambaza ugonjwa. Binadamu huupata kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, hasa wakati wa kuchinja.

Mfuatano huo ndio uliowapa wanasayansi mwanya. Kama ugonjwa hufuata mafuriko, na mafuriko hufuata joto la bahari, basi anayepima bahari anaweza kuunusa mapema. Mwaka 2006 watafiti wa NASA, wakiongozwa na Assaf Anyamba, walifuatilia kwa setilaiti joto la Bahari ya Pasifiki na magharibi mwa Bahari ya Hindi, mawingu ya mvua, na ukijani wa uoto. Kompyuta ililinganisha kila eneo na wastani wake wa miaka ya nyuma. Palipozidi kijani kwa miezi mfululizo, ramani ikaonyesha hatari. Onyo lilitangulia mlipuko kwa wiki 2 hadi 6.

Hata hivyo, Desemba mwaka huo ugonjwa ulithibitishwa Garissa, nchini Kenya. Uliingia pia Somalia na Tanzania, na katika nchi hizo tatu ukaua zaidi ya watu 300.

Kwa nini onyo halikutosha? Modeli ya kompyuta kama hiyo haitoi hakika, hutoa uwezekano. Kuagiza chanjo ya ugonjwa ambao bado hauonekani ni kujitia lawamani: mvua ikikatika, nani atajibu kuhusu fedha? Basi wakuu wa serikali wakangoja uthibitisho. Ulipopatikana, chanjo ya dharura ya mifugo ilikuwa imechelewa kuukata makali mlipuko.

Watafiti waliokwenda baadaye kuwahoji wafugaji Wasomali wa kaskazini-mashariki mwa Kenya walikuta ugonjwa una jina: sandik, yaani pua inayotoka damu. Wazee waliukumbuka tangu mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Safari hii pia waliona mvua isiyo ya kawaida, kisha mbu kwa makundi, kisha mifugo kuugua, kabla ya maonyo ya kimataifa.

Ushauri wa watafiti hao ulikuwa kujiandaa kwa hatua, hatari inavyopanda. Bahari ikipata joto, akiba ya chanjo ihesabiwe. Mvua isipokatika, madaktari wa mifugo wapelekwe mbugani. Na mfugaji akipiga simu kusema mbu wamezidi zizini, hiyo nayo ni takwimu. Picha ya setilaiti tayari ina watu wa kuipokea. Simu ya mfugaji nayo inahitaji wake.